Vijana wa kuosha magari, mmeniulia siti zangu za ngozi kwa sabuni ya unga na brashi ya zulia, halafu mnaniambia "bosi, hiyo inalisha ngozi"!

Wakuu, huu ni uzi wa hasira. Asiyependa kelele apite kimyakimya.

Nina Toyota Harrier, hii tuliyoibatiza tako la nyani. Ilishuka bandarini na siti za ngozi rangi ya krimu, na kwa ajili ya siti hizo niliongeza hela nikaiacha nyingine ya siti za kitambaa. Leo, miaka miwili na nusu tu, ubavu wa kulia wa siti ya dereva, pale unapojiburuza kila ukipanda na kushuka, umepasuka kama tope la bwawa lililokauka. Ukipitisha kucha inakwama. Juzi nimeshuka kazini na suruali nyeusi, mlinzi ananiita pembeni kwa adabu: "Mzee, nyuma hapo una kitu." Kumbe ni magamba ya siti yamenigandia makalioni kama pumba.

Nikasema Jumamosi siendi kula chipsi wakati gari linaoshwa. Nakaa hapahapa, naangalia.

Kijana kachota sabuni ya unga, hiihii ya kufulia, kaikoroga kwenye ndoo mpaka povu likasimama. Kachukua brashi ya plastiki iliyotoka kusugua makapeti ya chini, ina mchanga, kaanza na siti yangu. Anasugua kama anaondoa ukoko kwenye sufuria! Povu kalifuta kwa taulo lililotoka kwenye rimu, mara moja tu, basi. Milango wazi, gari juani saa saba mchana likauke. Akamalizia kwa kupuliza dawa ya dashibodi, siti ikang'aa kama kikaango. Namuuliza hiyo ni nini, ndiyo akanijibu hilo jibu lililoko kwenye kichwa cha uzi. Na hiyo huduma nilikuwa nailipia elfu kumi na tano kila baada ya wiki mbili. Piga hesabu mwenyewe, mimi nimepiga nikakosa usingizi.

Sikilizeni, nyie mnaoosha na sisi tunaooshewa. Siti nyingi za ngozi kwenye magari haya hazina ngozi iliyo wazi. Juu kuna rangi, na juu ya rangi kuna koti jembamba lisilo na rangi, jamii ya plastiki. Weka tone la maji: likikaa juu kama kwenye jani la mgomba, koti lipo. Likizama na kuacha doa jeusi, ama ni ngozi isiyopakwa koti, ama koti limeshaisha. Unachosugua kila wiki ni hilo koti. Nyufa zinaanzia hapo, ngozi yenyewe inafuata baadaye jasho na vumbi vikishaingia.

Ngozi iliyotengenezwa ina tindikali kidogo, pH yake (kipimo cha tindikali: chini ya 7 ni tindikali, juu ya 7 ni kinyume chake) kama 4 hivi. Sabuni ya unga ikikorogwa inafika 10. Ukiiacha ikaukie pale, kwenye mishono na mikunjo, inakuwa inakula taratibu kila jua likiwaka. Na jua la Dar Januari mnalijua, gari likikaa Kariakoo siku nzima vioo vimefungwa hata usukani haushikiki.

Sasa hiyo dawa ya dashibodi. Nyingi ni silikoni. Hailishi chochote. Inakaa juu, inateleza, inanasa vumbi, na vumbi ni msasa: wewe unakaa, unajigeuza, unajisugua nalo. Baya zaidi, siku ukitaka fundi apige rangi upya, rangi haishiki mpaka silikoni yote itolewe. Nimeenda dukani kutafuta kondishena ya ngozi, yaani dawa ya kuilainisha, muuzaji ananipa chupa ileile ya dashibodi, tofauti ni picha ya siti kwenye lebo. Nimemsomea maandishi ya nyuma mbele ya wateja wake. Akanuna.

Nami sijitoi. Mwaka wa kwanza kuna jamaa aliniambia nipake mafuta ya nazi, nikapaka. Gari zima likanukia wali wa nazi wiki nzima, siti zikawa nzito rangi, na jinzi ikaacha bluu yake palepale. Mama watoto alitandika kanga, nikamcheka. Ile kanga ilikuwa na akili kuliko mimi.

Ninachofanya sasa, kwa mkono wangu: gari likiwa kivulini na siti zimepoa, nanyonya vumbi kwa mashine kwanza, hasa kwenye mishono. Nina brashi ya kunyolea ndevu, laini, napiga povu la kusafishia ngozi kwenye brashi, siyo kwenye siti. Siti zenye vitundu ndiyo usithubutu kumwagia, maji yanazama kwenye sponji na hayatoki. Nasugua kidogo kidogo, nafuta kwa kitambaa kilichokamuliwa, narudia na kingine kikavu. Kitambaa cha kwanza kilitoka cheusi kama cha kudekia jikoni, eti gari "limeoshwa" juzi. Kondishena ya maji napaka kidogo tu, naiacha nusu saa, nafuta ibaki bila mng'ao. Ngozi ya siti yenye afya inatakiwa ionekane imefifia. Ikimetameta ujue ni mafuta au silikoni. Siti ya dereva kila mwezi, za nyuma hata miezi minne sawa. Na kioo cha mbele naweka kile kizuia jua, kinachouzwa kwenye foleni.

Kwa palipopasuka tayari, hakuna mafuta yatakayorudisha. Msidanganyane.

NYONGEZA: Naona mnanijaza "mkuu peleka kwa fundi siti akuvishe upya." Nimeenda kwa wawili. Wote wanataka kubomoa ngozi yangu halisi ya upande ule waweke rekisini, ngozi ya bandia, na mmoja anasema "itafanana tu". Haitafanana. Halafu ubavuni kuna airbag, mfuko wa hewa wa kukukinga kwenye ajali, mshono wake umetengenezwa uchanike ikilipuka. Nimemuuliza atashona vipi, ananiangalia kama nimemtukana.

Aliyeniuliza kama hiyo sehemu ya kuoshea ni ipi: sitaji. Nimewapa muda wanirudishie hata nusu ya gharama, msimamizi anasema siti "zilikuja na ugonjwa wake Japani".

Ninachotafuta ni fundi wa Dar anayejaza nyufa kwa dawa ya ngozi, anapiga msasa laini, anachanganya rangi ya krimu mpaka ikubali, na anafunga kwa koti jipya. Awe na gari alilolifanya mwaka mmoja uliopita nikalishike kwa mkono, picha za simu sitaki. Jibuni hapahapa, msinifuate PM kuniuzia makava.