Naomba ushauri, mabaki ya vitenge yamenijazia nyumba

Habari zenu wapendwa, mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani tu. Sasa kila nikikata gauni la mteja vinabaki vipande, nikitupa roho inauma, mpaka nina salfeti mbili zimejaa na mume ameshaanza kuzisema.

Mwezi uliopita nikaamua kuunganisha viraka nitengeneze kifuniko cha kitanda, nikakata miraba ya inchi 5, nikapiga pasi, jamani kilipendeza! Nikakifua mara moja tu, basi. Kitenge kipya kikarudi, yaani kikasinyaa, kile chekundu kikachuja rangi yote kwenye vipande vyeupe vya khanga, na vile vya satini vikaanza kufumuka kwenye mishono maana nilikuwa nimeacha kama robo inchi tu pembeni.

Sasa naomba kujua, mnafua vipande kwanza kabla ya kukata au mnafua kitambaa kizima? Satini niitoe kabisa, au nikiigandishia gamu stafu (kile kitambaa chenye gundi kinachogandishwa kwa pasi) kwa nyuma itashika? Na vile vyembamba kama vidole mnavifanyia nini, maana ndo vingi. Mto nimeshajaza, umekuwa mzito kama gunia la mahindi 😅