Kuchuliwa mgongo kunasaidia kweli?

FundiCherehani: Wakuu, habari za jioni. Mimi fundi nguo, Magomeni. Msimu huu wa sare za shule nainamia cherehani tangu asubuhi, na sasa kiuno kimekaza. Nikisimama lazima nishike meza. Jirani anasema nikachuliwe. Ni tiba au starehe tu?

Mchuaji_Tanga: Pole sana, ndugu yangu. Hii ndiyo kazi yangu. Masaji hairudishi pingili mahali pake, asikudanganye mtu. Inalegeza misuli iliyokaza, na nafuu yake mara nyingi ni ya muda mfupi. Mimi huanza na kiganja, taratibu, kwa mafuta ya nazi ya uvuguvugu, kandokando ya uti wa mgongo, kamwe siyo juu yake. Mteja akibana pumzi, napunguza nguvu. Anayetaka kukukanyaga mgongoni, mkimbie! Halafu uwe unainuka kwenye hiyo cherehani mara kwa mara, utembee, ujinyooshe. Bila hilo utanilipa kila wiki bure.

Nesi_Mstaafu: Naongezea. Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na shavu la mguu linauma, usichuliwe kabisa. Huenda ni damu iliyoganda mshipani, na ikimeguka yaweza kufika mapafuni. Mgongo ukiambatana na ganzi sehemu za siri, au mkojo ukagoma au kukutoka wenyewe, wahi hospitali usiku huohuo.

FundiCherehani: Ganzi sina, namshukuru Mungu. Natumia stuli, nibadilishe?

Mchuaji_Tanga: Badilisha. Tafuta kiti chenye egemeo, ukisogeze karibu na kanyagio.