Jenereta ya kilowati 3 inazima nikiweka fimbo za geji 10

Fundi wa mageti
Wakuu, nina inveta ya kuchomelea iliyoandikwa ampea 200 na jenereta ya petroli: max kW 3, ya kawaida kW 2.8. Fimbo za geji 12 zinakwenda safi. Nikiweka geji 10 jenereta inaguna, fimbo inanata, mwisho injini inazima. Kibovu ni kipi? Au ninunue ile ambayo jenereta na mashine ya kuchomelea ni kitu kimoja?

Mzee wa Volti
Hakuna kibovu mkuu, hesabu ndiyo inakataa. Volti za moto wa kuchomelea ni 20 jumlisha 0.04 mara ampea.

Geji 12 (mm 2.5) kwa ampea 75: volti 23, yaani wati 1,725. Inveta inapoteza kama asilimia 15, hivyo jenereta inatoa wati 2,030 hivi. Inabeba.

Geji 10 (mm 3.2) kwa ampea 120: volti 24.8, wati 2,976. Ukiweka na upotevu unafika 3,500. Umeshapita hata ile max, ambayo yenyewe ni ya muda mfupi tu.

Na inveta za bei nafuu huvuta umeme kwa mishtuko, pawafakta yake (sehemu ya umeme unaovutwa ambayo inafanya kazi kweli) ni kama 0.7. Kwa geji 10 tafuta jenereta ya kVA 6 (volti mara ampea, gawanya kwa 1,000) kwenda juu, uisome kwenye namba ya kawaida, si max. Hiyo 200 ya kwenye kibandiko usiipe uzito sana. Angalia ni ampea ngapi kwa asilimia 60, maana yake dakika 6 kazi, 4 mapumziko.

Kona ya Chuma
Mimi nauliza: geji 10 ya nini? Kama ni skwea paipu ya mm 1.2, hata geji 12 inatoboa ukizidisha. Weka mm 2.0 kwa ampea 45 hadi 55, fimbo kwenye hasi, tembea haraka. Geji 10 ni ya engo na fletiba za mm 5 na zaidi, ampea 100 hadi 130. Ukiishusha hadi 80 ili jenereta isilie, ndiyo inanata hivyo: chuma hakiyeyuki, gamba (uchafu wa dawa ya fimbo) linabaki ndani, juu unaona mshono mzuri kumbe umekaa tu, haujashika.

Fundi wa mageti
Ni bawaba za geti, mm 6. Nyaya ya ekstensheni ni mita 30, ya mm 1.5.

Mzee wa Volti
Hiyo nyaya nayo inakula volti. Weka mm 2.5, na uikunjue yote, ikibaki kwenye roli inachemka. Bawaba zichomelee kwa geji 12, ampea 85, mistari mitatu, ukigonga gamba kila mstari.

Ile ya pamoja ni nzuri kwa saiti isiyo na umeme, ila ndogo nyingi haziwezi kuchomelea huku mwenzako anakata na grenda. Na hiyo uliyonayo, washa jenereta kwanza, iache dakika mbili tatu, ndipo uwashe inveta. Kuzima, inveta kwanza.