IST iliyotumika, hewa ya chumvi na harufu ya uvundo: nianzie wapi kusafisha na kulinda?

Mwembeni_Tanga

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Miezi miwili iliyopita nilinunua Toyota IST ya mwaka 2005 kutoka kwa mmiliki wa pili tangu gari hilo lilipoingia nchini. Injini na gia zilikaguliwa na fundi ninayemwamini kabla sijalipa, na mpaka leo sina malalamiko nazo. Ninachoombea ushauri ni bodi pamoja na sehemu ya ndani.

Rangi ya boneti na ya paa imepauka, na ukiipapasa unahisi chembechembe kama za mchanga hata baada ya gari kuoshwa. Taa za mbele zimekuwa za manjano. Chini ya gari, hasa ndani ya fenda za nyuma, kutu imeanza kuonekana. Ndani kuna harufu ya uvundo ambayo huzidi asubuhi na kila ninapowasha kiyoyozi. Nimeshanunua marashi ya gari ya aina mbili, na yote mawili yameishia kuchanganyika na harufu hiyo tu.

Ninaishi karibu na bahari, na gari hulala nje chini ya mwembe kwa sababu sina banda. Vijana wanaonioshea gari hutumia sabuni ya unga na maji ya kisima ambayo yana chumvi kidogo. Fundi mmoja wa mtaani amenishauri anipulizie oili chafu chini ya gari lote ili kutu isiendelee, na mwingine anataka kupiga polishi ya mashine bodi nzima. Fedha nilizo nazo hazitoshi kufanya kila kitu kwa pamoja, kwa hiyo ningependa kujua kipi kitangulie na kipi kinaweza kusubiri.

FundiRangi_Ilala

Ndugu yangu wa Tanga, polishi ndiyo iwe ya mwisho kabisa. Nimepaka rangi magari kwa zaidi ya miaka 20, na ninasikitika kila ninapoona mtu amelipia mng'ao huku maji yanalala chini ya kapeti lake. Harufu unayoieleza ni ya unyevu, na unyevu huo ukiachwa hauishii puani: hukaa juu ya bati la sakafu na kulila kutokea ndani, mahali ambapo huwezi kupaona. Mwana Mombasa aliyemo humu hujua mambo ya ndani ya gari kuliko mimi, kwa hiyo nitamwachia sehemu hiyo nami nizungumzie nje.

Oili chafu usikubali. Ninajua imezoeleka na gharama yake ni ndogo, lakini mafuta yaliyokwisha kufanya kazi ndani ya injini yana masizi, asidi na chembe za chuma, hulainisha na kuharibu mipira ya bushi, hukamata vumbi na mchanga, na yakifika kwenye ekzosi hutoa moshi na yanaweza kushika moto. Isitoshe, mvua ya kwanza huyapeleka ardhini, na wewe umesema unatumia maji ya kisima. Vilevile usimruhusu mtu apake lami au rangi nzito ya mpira juu ya kutu iliyopo, kwa sababu kutu iliyofunikwa huendelea kutembea chini ya lile ganda mpaka siku bati litakapotoboka. Kinachofaa ni kuosha chini kwa maji matamu yenye nguvu, kuacha pakauke siku nzima, kukwangua kutu kwa brashi ya waya mpaka bati lionekane, kupaka dawa ya kugeuza kutu na praima ya kuzuia kutu, kisha kumalizia kwa nta ya kupulizia iliyotengenezwa kwa ajili ya chini ya magari. Nta hiyo hupulizwa pia ndani ya vizingiti vya milango. Tafuta matundu madogo yaliyo kwenye ukingo wa chini wa kila mlango na uyazibue kwa kijiti. Yakiziba, maji ya mvua hukaa ndani ya mlango na kuuozesha polepole.

Kuhusu maji ya kisima, hilo ndilo limenigusa zaidi. Chumvi huvuta unyevu wa hewani, na kila ndoo ya maji hayo ikikaukia kwenye bodi huacha chumvi yake hapo hapo. Kama huna njia ya kuosha gari zima kwa maji matamu, basi suuza ya mwisho iwe ya maji ya bomba au ya mvua uliyoyakinga, hata kama ni ndoo mbili tu, kisha ufute kwa kitambaa laini kabla jua halijayakausha. Sabuni ya unga iachwe kwa nguo. Huondoa nta yote iliyobaki juu ya rangi, na punje ambazo hazijayeyuka huchora mistari. Shampuu ya magari ni bora zaidi, na chupa moja hudumu muda mrefu kwa kuwa kipimo cha kila uoshaji ni kidogo. Tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga uliouondoa usirudi kwenye rangi.

Sasa rangi yenyewe. Juu ya rangi kuna tabaka la klia, yaani vanishi angavu ya kuilinda rangi, ambalo kwa kawaida ni jembamba kuliko unywele wa kichwani. Polishi ya mashine haiongezi kitu. Hupunguza klia kidogo ili mikwaruzo ipotee, na ndiyo maana fundi asiye na uzoefu anaweza kuimaliza kwenye kona za boneti ndani ya dakika chache. Kwanza chunguza: ukiona mabaka meupe yenye kingo zinazobanduka kama ngozi iliyoungua, klia imekwisha kufa na polishi haitaifufua, hapo ni kupakwa upya. Kama rangi imepauka tu bila kubanduka, bado inaokoka. Zile chembe unazohisi haziondoki kwa kusugua. Kuna udongo maalumu laini unaouzwa kwenye maduka ya rangi za magari, ambao huteleza juu ya bodi iliyoloweshwa na kuzing'oa chembe bila kuchora rangi. Baada yake ndipo upake polishi nyepesi kwa mkono, kisha nta. Kwa gari linalolala nje Tanga, nisingetegemea nta ya kawaida zaidi ya mwezi mmoja au miwili.

Taa za mbele ni plastiki ya polikaboneti. Jua limekula tabaka lake la kinga. Dawa ya meno, ambayo wengi huisifu, husafisha kwa wiki chache tu na umanjano hurudi. Zibandikie mkanda pembeni ili usiguse rangi ya bodi, sugua kwa msasa wa maji namba 1000, halafu 2000, halafu 3000, maliza kwa polishi, na siku hiyo hiyo upulizie klia inayozuia mionzi ya jua. Ukiacha hatua hiyo ya mwisho, taa zitachakaa haraka kuliko zilivyokuwa mwanzo.

MamaSalama_Mombasa

Nimeitwa nami naitika. Ndugu Mwembeni, pole kwa harufu hiyo, kwa kuwa najua inavyomfanya mtu aone haya kumpa mgeni lifti.

Kabla ya kusafisha chochote, tafuta maji yanaingilia wapi. Nayasema haya kwa uchungu: gari langu la kwanza nililipeleka mahali wakaosha siti na kapeti kwa mpira wa maji, wakanirudishia likiwa linanukia vizuri, na baada ya wiki mbili ukungu ulikuwa umepanda mpaka kwenye mikanda ya viti. Maji yalikuwa yamejaa kwenye sponji iliyo chini ya kapeti, na sponji hiyo haikauki kwa kufungua madirisha.

Bonyeza kapeti kwa kiganja, upande wa abiria wa mbele kwanza. Kama pamelowa, kuna mambo matatu ya kuangalia. La kwanza ni bomba jembamba la kutolea maji ya kiyoyozi. Injini ikiwa inanguruma na kiyoyozi kimewashwa, lazima maji yadondoke chini ya gari, na kama hayadondoki basi yanamwagikia ndani. La pili ni kile kifuniko cheusi cha plastiki kilicho chini ya waipa, kwa sababu chini yake kuna mfereji wenye matundu, na wewe umesema unaegesha chini ya mwembe. Majani yakiziba matundu hayo, maji ya mvua hupanda na kuingia kwenye njia ya hewa. La tatu ni mipira ya milango. Mkalishe mtu ndani akiwa na tochi, wewe mwaga maji taratibu kwa jagi kuanzia chini ya kioo cha mbele, kisha sehemu moja baada ya nyingine. Ikiwa kilichomwagika ndani kinanata na kina harufu ya utamutamu, hayo si maji ya mvua, ni ya kupozea injini, na gari liende kwa fundi.

Baada ya hapo toa siti na uinue kapeti zima. Tafadhali fungua waya wa hasi wa betri na usubiri dakika kadhaa kabla ya kuchomoa plagi zilizo chini ya siti, hasa zenye rangi ya njano, kwa kuwa hizo ni za mifuko ya hewa ya usalama. Na usiwashe swichi ya gari mpaka zote zirudishwe. Kama hujawahi kufanya kazi hii, mlipe fundi umeme akufanyie hiyo peke yake. Kapeti lioshwe, lisuuzwe mpaka maji yatoke meupe, lianikwe. Siti za kitambaa zisiloweshwe: povu la sabuni nyepesi, brashi laini, kisha kitambaa kikavu cha kunyonya. Mikanda ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni tu, kamwe isiguswe na dawa ya kung'arisha nguo, kwa kuwa hudhoofisha nyuzi ambazo siku moja zitabeba uzito wako.

Mwisho, kwenye Toyota nyingi kichujio cha hewa ya ndani kiko nyuma ya kile kisanduku kilicho mbele ya abiria. Kitoe ukione. Huwa kinashangaza.

Mwembeni_Tanga

Ninawashukuru nyote, na kwako fundi, shikamoo. Jumamosi nilifungua kile kifuniko cheusi. Niliyoyakuta ni majani ya mwembe yaliyooza mpaka yamekuwa udongo, yanajaza bakuli mbili, na ndani yake kulikuwa na mche mdogo umeanza kuota. Tulipomwaga maji kwa jagi, mwanangu aliyekuwa ndani aliyaona yakishuka nyuma ya kisanduku. Kichujio kilikuwa cheusi na kimelowa. Kapeti liko kwenye kamba tangu jana, na chini yake bati lina kutu nyepesi ya juu juu, halijatoboka.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Dashibodi imefifia na kuanza kunata kidogo. Je, nipake yale mafuta ya kung'arisha yanayouzwa barabarani? Na utomvu wa mwembe uliokauka kwenye paa utoke vipi?

Mzanzibari_Muscat

Kaka, kuhusu dashibodi niruhusu nijibu mimi, kwa kuwa huku Muscat joto la kiangazi hupita nyuzi 40, na ndani ya gari lililofungwa huzidi 60. Usipake mafuta. Yale yenye kung'aa sana hurudisha mwangaza kwenye kioo cha mbele ukashindwa kuona barabara vizuri mchana, huvuta vumbi, na yakigusa usukani au pedali huteleza. Kunata huko mara nyingi hutokana na mabaki ya mafuta ya zamani yaliyopakwa tabaka juu ya tabaka, ingawa kwenye baadhi ya magari plastiki yenyewe huwa imeshachoka kwa joto, na hiyo haina dawa ya kupaka. Futa kwa kitambaa cha mikrofaiba kilichokamuliwa katika maji ya sabuni nyepesi, rudia kwa maji safi, kisha upake kinga isiyong'aa iliyoandikwa kwamba inazuia mionzi ya jua. Zaidi ya dawa yoyote, nunua pazia la kukunja la kioo cha mbele na uliweke kila unapoegesha juani. Nimetumia moja kwa miaka minne, na dashibodi yangu haina ufa hata mmoja.

FundiRangi_Ilala

Marahaba. Utomvu usiukwangue kwa kisu wala kwa ukucha. Lowesha kitambaa kwa maji ya moto kiasi, kilaze juu yake dakika tano, rudia mpaka ulainike, kisha umalizie kwa spiriti kidogo kwenye pamba na usuuze mara moja. Sehemu hiyo itahitaji nta mpya. Kinyesi cha ndege kifutwe siku hiyo hiyo kwa njia hiyo hiyo ya kulowesha, maana kina asidi na kikipigwa na jua huacha alama ndani ya klia. Kama unaweza kusogeza gari hatua chache kutoka kwenye mwembe, sogeza. Turubai usilifunike moja kwa moja juu ya bodi, kwa kuwa upepo wa bahari hulisugua pamoja na mchanga usiku kucha.

Bati la sakafu lipake praima wakati huu liko wazi. Kapeti nalo usilirudishe kwa sababu tu juu limekauka. Lilaze kwenye sakafu kavu, weka gazeti chini ya sponji yake, ukandamize kwa goti sehemu kadhaa. Gazeti likitoka na doa la maji, lirudi kwenye kamba.