GT 730, GT 1030 au niongeze hela? Kadi ya grafiksi ya kuunganisha PC na TV ya 4K

Mkazi wa Tabata
Habari wakuu, natumai mko poa. Nina desktopu ya Dell OptiPlex 7020, ile ndogo ya mtumba, i5 gen ya 4, ram 8, SSD ipo. Sebuleni kuna TV ya 4K inchi 50 na nataka hii mashine ikae chini ya TV moja kwa moja, watoto waangalie YouTube na masomo yao, mi niangalie mpira na muvi zilizopo kwenye hadi diski, na vikazi vya Excel nikiwa kwenye kochi. Gemu sio sana, labda FIFA za zamani. Shida mashine haina HDMI, ina VGA moja na DisplayPort mbili. Nimezunguka Kariakoo duka la kwanza wakanipa GT 730 ya GB 4, la pili wana GT 1030 ya GB 2 na ni ghali zaidi, na muuzaji mwenyewe alishindwa kunieleza kwa nini ya GB 2 iizidi bei ya GB 4. Kuna jamaa pia kanitajia GTX 1650 na RX 6400. Kwa matumizi yangu nichukue ipi? Natanguliza shukrani.

fundi_mashine
Mkuu hapo kwenye GB ndipo watu wengi wanapopigwa. GB za kadi hazikwambii chochote kuhusu picha itakayotoka kwenye TV. Kwa kazi yako kuna mambo mawili ya kuuliza: HDMI ya hiyo kadi ni toleo gani, na chipu yake inafungua video za aina gani yenyewe bila kuisumbua prosesa. Muuzaji asipoweza kukujibu hayo mawili, chukua jina la kadi ukasome mwenyewe kwanza.

GT 730 na mdogo wake GT 710 ni za zamani, HDMI yao ni ya toleo la 1.4. 4K inapeleka, ila kwa Hz 30, yaani picha 30 kwa sekunde. Muvi ya fremu 24 itakwenda vizuri tu, lakini shika mausi uizungushe kwenye skrini utaiona inaruka ruka, mshale unafika kabla jicho halijauona ukipita, na ukiskroli Excel maandishi yanatetemeka. Mpira unaorushwa kwa fremu 50 au 60 kwa sekunde ndio kabisa, karibu nusu ya fremu zinatupwa na pasi ndefu inaonekana kama imekatwa katikati. Halafu hazifungui HEVC (hiyo H.265) wala VP9, hizo ni namna za kubana video, na YouTube ya 4K inakuja kwa VP9 au AV1 ambayo ni namna mpya zaidi, kwahiyo mzigo wote unaangukia kwenye hiyo i5 yako, feni inaanza kupiga kelele na video inaganda. Draiva nazo ndio hivyo, Nvidia waliacha kuzitolea chipu za familia ya Kepler (ndizo zilizomo kwenye GT 710 na GT 730 nyingi) draiva mpya za kawaida mwaka 2021, na baadhi ya GT 730 ni za Fermi ambayo ni kongwe zaidi ya hapo.

GT 1030 ilitoka 2017. HDMI yake ni 2.0b, hiyo ni 4K kwa Hz 60, inafungua HEVC ya biti 10 na VP9 yenyewe, inakula wati 30 na haitaki waya wa pawa. Ndio maana GB 2 inaizidi bei GB 4. Mimi kwa mtu wa sebuleni mwenye TV ya 4K sishuki chini ya 1030.

Dada wa Sinza
Namuunga mkono fundi ila mkuu kuwa makini, GT 1030 zipo mbili zenye jina lile lile! Ya kwanza ina memori ya GDDR5, halafu 2018 wakaleta ya DDR4 na hawakubadilisha jina. Ya GDDR5 memori yake inasafirisha GB 48 kwa sekunde, ya DDR4 ni kama 17 tu. Kwenye kuangalia video hutaona tofauti kubwa lakini kwenye FIFA utaiona mapema sana. Geuza boksi usome pembeni, na kama ni ya mtumba haina boksi omba waiwashe mbele yako wafungue programu ya GPU-Z, pale kwenye Memory Type itaandika yenyewe.

Na hiyo GPU-Z usiiache hata kwa kadi nyingine maana kuna kadi feki, wanachukua chipu ya zamani kabisa mfano GTS 450 wanaibadilishia bios (programu ya ndani ya kadi) ijiite GTX 1050 Ti, Windows inasoma 1050 Ti na wewe unafurahi. GPU-Z za kuanzia 2018 zikigundua zinaandika fake pale kwenye jina la kadi. Muuzaji mwaminifu hakatai kuipima, akianza kukuambia hana muda wewe ondoka.

Kaka Mbezi
Mi naona mnamuingiza gharama jamaa. Asinunue kadi kabisa. Hizo DisplayPort mbili si za urembo, grafiksi ya ndani ya Intel ya gen ya 4 inatoa 4K Hz 60 kupitia DisplayPort 1.2, anachohitaji ni adapta ya DisplayPort kwenda HDMI basi, maisha yanaendelea. Ila asichukue ile ya bei chee inayouzwa kila kona, ile haina chipu ndani, inaiambia mashine tu itoe HDMI na ikitoa ni ya toleo la 1.4, unarudi kwenye Hz 30 zile zile. Achukue yenye chipu ya kubadilisha mawimbi yenyewe, kwenye pakiti iwe imeandikwa 4K 60Hz na HDMI 2.0. Ikiandika 4K peke yake bila kutaja Hz iache hapo hapo.

fundi_mashine
@Kaka Mbezi upo sahihi kwa upande wa skrini, mausi itatulia na Excel itapendeza. Ila Hz ni nusu ya kazi, bado kufungua video. Grafiksi ya ndani ya gen 4 haina HEVC ya 4K wala VP9 kwenye chipu, kwahiyo akiweka muvi ya 4K HEVC biti 10 prosesa inaweza kuelemewa. Ungekuwa ushauri kamili kama mashine yake ingekuwa gen ya 7, ile HD 630 (grafiksi yake ya ndani) inafungua HEVC biti 10 na VP9 bila shida, hapo ningemwambia adapta nzuri na hela nyingine anunue ram. Kwahiyo wenye OptiPlex 7050 au EliteDesk 800 G3 zenye prosesa za gen 7 mnaosoma hapa, ushauri wa Kaka Mbezi ni wenu, msinunue kadi.

Kaka Mbezi
Hapo kwenye HEVC nimekupata. Kwa gen 4 basi kadi.

Mpole wa Mbagala
Mi TV yangu ni inchi 32 sio 4K, na GT 710 ninayo tayari, niitupe?

Dada wa Sinza
Usitupe ndugu yangu. Kwa 1080p GT 710 inatoa Hz 60 safi kabisa na inakula wati 19 tu, nyingi hazina hata feni. YouTube ikikuganda weka kwenye brauza kile kiongezi cha h264ify, kinailazimisha YouTube ilete video ya H.264 ambayo kadi yako inaifungua yenyewe. Kwa njia hiyo YouTube inaishia 1080p, na kwa TV yako hupungukiwi kitu.

Gema wa Kigamboni
Nijibu upande wa kuongeza hela maana hamjaugusa. GTX 1650 ni nzuri kwa gemu za 1080p, wati 75, zipo zisizotaka waya wa pawa, HDMI 2.0b. RX 6400 ina HDMI 2.1 na wati 53, ni nyembamba na fupi, inaingia vizuri kwenye hizo mashine ndogo, ila ina mambo mawili siyapendi: inatumia njia 4 tu za PCIe (ile sloti ya kuchomeka kadi), kwahiyo kwenye mashine ya gen 4 yenye PCIe 3.0 inapoteza nguvu kwenye gemu, na haifungui AV1 japo imetoka 2022. Kadi ya 2022 kukosa AV1 inauma.

Kama una hela ya kweli, RTX 3050 ya GB 6 ya 2024. Wati 70, haitaki waya wa pawa, HDMI 2.1, inafungua AV1, na zipo fupi. Hiyo unainunua leo na mashine ukija kubadilisha unahama nayo. Hakikisha ni GB 6 maana ya GB 8 inataka waya wa pawa ambao pawa saplai ya Dell ndogo haina. Intel Arc A380 nayo AV1 ipo lakini inategemea Resizable BAR (uwezo wa prosesa kuifikia memori yote ya kadi kwa mkupuo) ambayo mashine ya gen 4 haina, utaumia kwenye gemu, iache.

Mkazi wa Tabata
Aisee nashukuruni sana, nimejifunza mengi kuliko nilivyoelezwa madukani kote nilikopita. Pawa saplai yangu imeandikwa 255W, itatosha? Na kwenye hako kaboksi kadi itaenea kweli?

fundi_mashine
255W kwa 1030 ni nyingi tu mkuu, hata hiyo 3050 ya wati 70 inakwenda. Kuenea ndio pa kuangalia. Kadi iwe lo-profaili, yaani ya nusu kimo, na kwenye boksi pawepo na lile bati fupi la nyuma. Kadi za mtumba mara nyingi zinauzwa na bati refu tu, lile fupi lilishapotea zamani, ukifika nyumbani kava halifungi. Usitoe hela kabla hujaliona kwa macho. Chukua pia inayokaa sloti moja, hizo za 1650 na 3050 nyingi ni nene za sloti mbili, kwahiyo fungua mashine upime kwanza. Kuhusu feni, za 1030 zisizo na feni ni kimya kabisa na kwa sebule ni raha, ila kwa joto la Dar usiifungie mashine kwenye kabati la TV lenye mlango, iache ipumue na uipulize vumbi mara kwa mara.

Bi Ilala
Naongeza ya setingi kwa sababu watu wananunua kadi nzuri halafu wanaishia kuilaumu. Ukiwasha mara ya kwanza unaweza kukuta ule upau wa chini wa Windows umekatwa, nusu ya saa haionekani. Kadi ni nzima, ni TV inakuza picha. Ingia kwenye TV, LG wanaita Just Scan, Samsung wanaita Fit to Screen, ukibadilisha inakaa sawa. Rangi nyeusi ikionekana kama kijivu kilichofifia, nenda setingi za Nvidia weka RGB na Output dynamic range iwe Full, na TV nayo ilingane. Ingizo la HDMI kwenye TV lipe jina la PC, TV nyingi zikiona hivyo maandishi yanakuwa makali bila ukungu wa rangi pembeni. Na kama 4K Hz 60 haitokei kwenye orodha angalia setingi ya HDMI ya TV yenyewe, LG ni Ultra HD Deep Colour, Samsung ni UHD Color au Input Signal Plus, mara nyingi inakuja imezimwa.

Sauti inapita humo humo kwenye HDMI, bonyeza alama ya spika uchague jina la TV. Sabufa ichomeke kwenye TV na sio kwenye PC, ukichomeka kwenye PC picha inaweza kuchelewa nyuma ya sauti.

Mzee wa Posta
Vijana mmeongea vizuri, naomba niseme la umeme maana huwa halisemwi. PC na TV zikiwa kwenye soketi tofauti na nyumba haina athi ya maana, ukishika kava la mashine unasikia kutekenywa, na huo umeme unapita kwenye waya wa HDMI. Ndivyo bandari za HDMI zinavyoungua. Zima vyote na uvichomoe ukutani kabla ya kuunganisha HDMI, viweke vyote kwenye ekstensheni moja yenye athi, na umeme ukikatika chomoa mpaka utulie ukirudi. Masika kukiwa na radi chomoa na waya wa dishi pia.

Mkazi wa Tabata
Shikamoo mzee wangu, hilo la kutekenywa kwangu lipo, ntamwita fundi umeme aje aiangalie athi kwanza. Nimeamua GT 1030 ya GDDR5, sloti moja, bati fupi nilione. 3050 nimeipenda ila kwa FIFA ya zamani naona ni hela nyingi mno. Swali la mwisho, waya wa HDMI nichukue wa mita 10? Nafikiria siku moja mashine ihamie chumba cha pili.

Mzee wa Posta
Marahaba mwanangu. Waya wa shaba wa mita 10 kwa 4K Hz 60 unasumbua, picha inakatika katika au skrini inakuwa nyeusi sekunde chache halafu inarudi. Kwa sasa mashine ipo chini ya TV, chukua wa mita 2 ulioandikwa Premium High Speed. Ukihamisha chumba utatafuta ule wa faiba, na uangalie upande ulioandikwa Source uende kwenye PC, ukigeuza haupitishi picha.