Naomba ushauri: utaratibu wa chuo siku za mvua kubwa na dharura

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja hapa Unguja, na wenzangu wamenichagua niandike mapendekezo yetu kwa uongozi kuhusu hatua za kuchukuliwa inapotangazwa hali mbaya ya hewa.

Masika iliyopita tulikuwa na mtihani saa mbili asubuhi. Mvua ilikesha ikinyesha, maji yakafika magotini mbele ya lango, na mwenzetu anayetembelea magongo alisimama kwenye baraza ya duka la jirani, madaftari yake kayafunga ndani ya mfuko wa nailoni, akisubiri taarifa ambayo haikutoka mpaka saa tatu. Iliniuma sana.

Kimbunga Hidaya kilipokaribia, Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa tahadhari mapema na safari za boti zikasitishwa. Kwa hiyo naona kwamba tatizo letu si kukosa habari, bali ni kutojulikana nani chuoni mwenye mamlaka ya kuahirisha masomo, wala saa ngapi kabla.

Je, mamlaka hayo apewe nani, hasa usiku? Ujumbe wa simu unatosha umeme ukikatika, au tuombe pia king'ora na watu wa zamu katika kila dahalia? Na mwanafunzi aliyekwama Pemba kwa bahari kuchafuka atakiwe uthibitisho gani ili afanyiwe mtihani mwengine? Wenye uzoefu wa vyuo vyengine, tafadhali nielezeni mlivyofanya.