Mradi wa kidato cha pili: heliamu, ayodini au florini?

MwalimuMeru
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha kemia huku Arumeru. Kidato cha pili wanaandaa mradi wa elementi moja watakaouwasilisha siku ya wazazi: nani aliigundua, inapatikana wapi, ina kazi gani na madhara gani. Sitaki manila zilizonakiliwa kitabuni, namba atomia na kiwango cha kuchemka halafu basi. Nataka elementi ambayo mtoto akiulizwa swali na mzazi, anajibu kwa kujiamini. Nimebakiza tatu: heliamu, ayodini na florini. Mnishauri.

MtuWaRukwa
Heliamu, mwalimu. Alama yake ilionekana kwanza kwenye mwanga wa jua lilipopatwa mwaka 1868, na William Ramsay akaipata hapa duniani 1895. Mwaka 2016 watafiti wakatangaza hazina kubwa ya gesi hiyo bonde la Rukwa. Waeleze vijana inavyotokea: urani na thoriamu kwenye miamba ya kale huoza taratibu na kutoa heliamu, kisha joto la volkano la Bonde la Ufa linaifungulia njia, na nyingine inatoka na maji ya chemchemi za moto. Mashine za MRI hospitalini, zile za kupiga picha za ndani ya mwili, zinapoozwa kwa heliamu kimiminika, nyuzi 269 chini ya sifuri. Kwa nini tusijivunie chetu?

FundiMaabara
Mkuu, habari yake ni nzuri, lakini mezani ataweka nini? Heliamu haina rangi wala harufu, na ni vigumu mno kuiunganisha na kitu. Atabaki na puto, na hapo awe macho: mengine hujazwa haidrojeni badala ya heliamu, na puto la haidrojeni hulipuka likikaribia moto.

Mimi nasema ayodini. Chukua ile ya kusafishia vidonda, dondosha kwenye ugali, muhogo uliochemshwa na ute mweupe wa yai. Ugali na muhogo vinageuka bluu ya kukaribia nyeusi, yai linabaki na rangi ya dawa. Kisha nenda kwenye chumvi. Chumvi yetu yenye madini joto, ndiyo hiyo ayodini, huwekewa potasiamu iodeti. Koroga chumvi nyingi kwenye maji ya wanga yaliyopoa, tia siki na chembe za potasiamu iodaidi za maabara. Bluu ikijitokeza, madini joto yamo. Kila mtoto alete chumvi ya kwao, hata ile ya kupimiwa gengeni. Mzazi mwenye ndugu aliyeugua rovu, ule uvimbe wa shingo wa kukosa ayodini, hatasinzia hapo.

NesiUsaRiver
Mwalimu, mimi ni muuguzi na ni mzazi huku huku. Wazazi watakaokaa kwenye viti hivyo wengi wamebeba florini midomoni mwao. Meno ya kahawia tunazaliwa tunayakuta, na bado kuna anayedhani ni uvivu wa mswaki. Nimeona mtoto anasugua meno kwa mchanga mpaka fizi zinatoka damu, na doa liko pale pale, kwa sababu jino liliharibika likiwa bado linajiunda ndani ya ufizi.

Miamba ya volkano ndiyo inayotia floraidi, yaani florini iliyoungana na elementi nyingine, kwenye maji yetu, na ikizidi ndiyo inayoharibu meno hayo. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi; maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea. Na magadi tunayolainishia maharage na makande yanaweza kuongeza nyingine. Haya mambo wazazi wakiyasikia kwa watoto wao wenyewe, watayashika.

Ombi moja: msimsimamishe mtoto afungue kinywa awe mfano. Tumieni mchoro.

FundiMaabara
Dada nesi umenigusa. Ila mwalimu, hakikisha wanatofautisha gesi ya florini na floraidi ya kwenye maji. Gesi ni kali kiasi kwamba waliotangulia kuitafuta waliumia, wengine wakafa, hadi Henri Moissan alipoitenga mwaka 1886. Maabara ya shule haigusi hiyo. Na kupima floraidi kunahitaji vifaa, kwa hiyo sampuli za visima zipelekeni mapema maabara ya maji.

MtuWaRukwa
Kwa Meru nimekubali. Wa Sumbawanga wachukue heliamu.

MwalimuMeru
Nashukuruni sana. Florini ndiyo itakuwa meza kuu, ayodini pembeni yake. Zote ni halojeni, kundi la 17, hivyo mtoto ataonyesha kwenye jedwali zilivyo safu moja, kisha aeleze kwa nini moja inatuumiza ikizidi na nyingine ikipungua. Natamani pia tuonyeshe mkaa wa mifupa unavyonasa floraidi. Mifupa ya ng'ombe machinjioni ipo tele.

NesiUsaRiver
Hapo umegonga penyewe. Madini ya mfupa ni ndugu na ya jino, ndiyo maana floraidi inang'ang'ania kote kuwili.

FundiMaabara
Msichome wenyewe shuleni. Mfupa usipoungua sawasawa, maji yanatoka na harufu na rangi. Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi, andika barua uombe mkaa kidogo na mtu wa kuja kuwaelekeza vijana. Chujio likae kwenye chupa inayoonyesha ndani, libandikwe karatasi kwamba maji yake ni ya maonyesho, hayanywewi.